Kinyozi wa Tangi Kubwa na Madoa ya Chewa

Hapo zamani za kale, lakini si za kale sana kwa sababu umeme ulikuwapo, katika mji mmoja wa pwani palikuwa na jumba la samaki. Watu walipita vyumba vyenye giza wakitazama samaki nyuma ya vioo, na chumba cha mwisho ndicho kilichokuwa na tangi kubwa kuliko yote, refu kama ukuta wa shule. Mambo haya yalitokea ndani ya tangi hilo. Sikilizeni vizuri, maana sirudii.

Kila mmoja mle ndani alikuwa na nyumba yake na kazi yake. Samaki wanaoitwa tasi walikuwa wakulima, wakila na kupalilia majani yaliyoota kwenye mawe. Mzee Mkunga, samaki mrefu kama bomba la maji, alipanga shimo katika jiwe la kati, na kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni akitazama wenzake. Chini mchangani aliishi Mama Kaa, mmoja wa wale kaa wanaovaa kombe tupu la konokono na kulibeba mgongoni kila waendako. Alikuwa na watoto wanne, na kila mtoto alipokua kidogo alitafutiwa kombe kubwa zaidi.

Makombe hayakumsumbua. Nyuma ya jiwe la kati palikuwa na lundo la makombe matupu, meupe, makubwa kwa madogo.

"Tangi hili lina baraka," Mama Kaa alikuwa akisema. "Kwingine kaa wanang'oana miguu kwa kombe moja. Hapa unachagua kama uko dukani."

Wenye makombe hayo walikwenda wapi? Hilo hakuuliza.

Jirani yake alikuwa Kinyozi. Kinyozi alikuwa kamba mdogo, urefu wa kidole cha mtoto, mwenye mstari mwekundu mgongoni na masharubu meupe marefu kuliko mwili. Meno hakuwa nayo, wala nguvu. Alikuwa na ufundi. Samaki aliyewashwa na wadudu ngozini, au mwenye chakula kilichonasa kwenye meno, alikwenda kwenye jiwe lake bapa, ndilo duka lake, akafungua mdomo. Kinyozi akaingia mzimamzima, kacha, kacha, kacha, akatoa uchafu, akaula, akatoka.

Sheria ya tangi ilikuwa moja: Kinyozi haliwi. Hata Bwana Chewa aliiapia, na Chewa alikuwa samaki mkubwa kama gunia la mchele, akimeza chochote kilichoenea mdomoni mwake.

Kinyozi alikuwa na jambo jingine alilojivunia. Watu wa jumba lile hawakumjua. Aliingia akiwa mdogo sana, amejificha kwenye tundu la jiwe, na tangu siku hiyo kila kivuli cha mtu kilipopita kiooni, fyuu! alikuwa ndani ya ufa.

"Wakihesabu viumbe vyao, mimi simo," alimwambia Mama Kaa. "Sina jina, sina picha ukutani."

"Una kiburi tu," Mama Kaa akajibu.

Sasa sikilizeni ubaya ulipoanzia. Kinyozi alipata mayai, akayabeba chini ya tumbo siku zote zilizohitajika. Asubuhi moja, kabla milango ya jumba haijafunguliwa, yakapasuka. Watoto mia mbili, wadogo kama chembe za chumvi, wakapanda kuelekea kwenye taa.

Chewa akapita. Hwaap!

Mara moja tu. Kulikuwa na watoto mia mbili, kisha kulikuwa na maji.

"Bwana Chewa!" Kinyozi akapiga kelele. "Umekula wanangu!"

"Nimekula vidudu vilivyopita mbele ya mdomo wangu."

"Uliapa!"

"Niliapa juu ya kinyozi. Hao watoto wana duka? Wameshawahi kunisafisha hata jino moja?" Akapiga mwayo. "Kesho uwe kazini mapema. Kuna kitu kimenasa jino la nyuma."

Kesho yake Kinyozi akaenda kazini, maana asiyefanya kazi hana kinga. Akaingia katika mdomo ule mpaka jino la nyuma. Alikuta mguu mmoja mwembamba kama uzi. Akauchomoa. Akasafisha na jino la pili, akatoka.

"Ahsante," alisema Chewa. "Mkono wako mwepesi."

Haikupita muda Kinyozi akawa na mayai mengine. Mama Kaa akayaona.

"Shoga! Mara hii tena?"

"Siku kumi zimebaki."

"Hama."

"Nihamie wapi? Huku kioo, huku kioo."

"Basi mwombe."

"Nimemwomba. Kasema watoto wa safari hii wawe wanene kidogo."

Mama Kaa akamsogelea. Kisha akasema, "Una jambo kichwani. Nakuona masharubu yanavyocheza. Niambie."

"Nikikwambia wewe, tasi wote watajua kabla ya chakula cha mchana."

"Ah! Mimi?"

"Wewe. Niache, nitajua mwenyewe."

Kweli alikuwa na jambo. Siku chache kabla alikuwa ndani ya ufa wake, na nje ya kioo walisimama watu wawili. Mmoja alikuwa Bwana Shomari, mkuu wa watunzaji. Wa pili alikuwa Mwanakombo, dada aliyeanza kazi karibuni.

"Ukiona samaki ana madoa meupe mwilini," Bwana Shomari alimfundisha, "usingoje hata dakika. Mtoe. Ugonjwa huo unamaliza tangi zima. Ukishamtoa..."

Aliendelea kusema, lakini Kinyozi hakusikiliza tena. Alikuwa ameshapata alichokitaka.

Baada ya mazungumzo hayo na Mama Kaa, Chewa alikuja dukani akiwa amenuna, mapezi yamelegea.

"Mbona leo wageni hawasimami kwenye kioo chako?" Kinyozi akauliza, akianza na shavu la kushoto.

"Nyamaza, fanya kazi."

"Nauliza tu. Zamani watoto wa shule walikuwa wanabanana hapa."

"Wako kule!" Chewa akafoka. "Kwa yule mpuuzi!"

Kwenye ukuta wa upande wa pili, nje ya tangi, palikuwa na mchoro mpya wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote baharini, mgongo wake umejaa madoa meupe. Wageni walisimama mbele yake wakipigana picha. Chewa hakujua rangi ya ukutani ni kitu gani. Kwake yeye yule alikuwa samaki katika tangi jingine.

"Wiki tatu yuko pale," alisema. "Hali! Hageuki! Hapepesi jicho! Nami naogelea kutwa, napiga mkia, nafungua mdomo, hakuna anayenitazama. Ana nini yule?"

"Kweli hujui?"

"Sema."

"Utakasirika."

"Sema, wee mdudu!"

"Madoa," Kinyozi akasema. "Bwana Chewa, mwili unao. Mdomo unao, nani asiyeujua? Lakini hiyo ngozi, nisamehe sana, ni kama gunia la mkaa lililonyeshewa."

"Ebo!"

"Nimenyamaza."

"Usinyamaze. Endelea."

"Bibi harusi anapambwa, si ndiyo? Hata awe mzuri vipi, hatoki hivihivi. Mimi ninaweza kukutia madoa meupe kumshinda yule. Asubuhi tatu tu."

Chewa alikuwa na tamaa, lakini hakuwa mjinga kabisa. Akamsogezea jicho moja, kubwa kuliko Kinyozi mwenyewe.

"Nawe unataka nini? Unataka nisile wanao?"

"Nikikuomba hilo utakubali?"

"Sikubali."

"Basi siombi. Nataka ukishakuwa maarufu useme ni nani aliyekupamba. Mimi ni fundi, Bwana Chewa. Fundi hutaka kazi yake ionekane."

"Hapo umesema," Chewa akajibu, akarudi kwake akiringa.

Kinyozi akamfuata Mama Kaa. "Shoga, nisaidie wewe na watoto. Nataka makombe meupe yavunjwevunjwe, yawe vipande vidogo kama punje za mtama."

"Ya nini?"

"Ya kazi. Nitawalipa makombo ya meno ya Chewa wiki nzima."

"Makombo ya Chewa! Watoto, amkeni!"

Kacha! Kacha! Kacha! Watoto wanne wa kaa wakavunja makombe kwa makucha yao wakicheka, wakishindana. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, hakuwa na nguvu ya kuvunja hata kombe moja, kwa hiyo alipewa kazi ya kukusanya. Kila alipobeba kipande aliimba wimbo wenye neno moja, "Cheupe! Cheupe! Cheupe!" mpaka mama yake akamwambia anyamaze.

Mzee Mkunga akatoa kichwa shimoni. "Makombe yale mnayavunja?"

"Yanakuhusu, mzee?" Kinyozi akamjibu bila kugeuka. Hakutaka maswali.

Mkunga akamtazama kidogo. "Hayanihusu," akasema, akafunga mdomo.

Kisha Kinyozi akaenda kwa jongoo bahari, yule mnyama laini alalaye mchangani, akamtekenya mpaka akatema ute wake mzito unaonata kama gundi. Asubuhi ya kwanza akampamba Chewa kichwa. Asubuhi ya pili akampamba mgongo. Kipande kimoja, ute, bandika. Kipande kingine, ute, bandika.

"Shavuni ongeza," Chewa aliagiza.

"Tulia basi, unatikisika."

"Na mkiani usinisahau. Yule wa ukutani anayo mpaka mkiani?"

"Anayo mpaka mkiani."

"Basi mimi nitie na kwenye midomo."

Asubuhi ya tatu kazi ikaisha. Chewa akaenda mbele kabisa ya kioo, akatanua mapezi, akatulia kama yule wa ukutani. Hata jicho hakupepesa. Tasi wakakusanyika mbali kidogo, wakiziba midomo.

Mwanakombo akaingia na ndoo ya ngisi waliokatwakatwa. Akatazama kioo. Ndoo ikamponyoka, pu!

"Bwana Shomari! Bwana Shomari, kimbia uone!"

"Mmesikia?" Chewa akawaambia tasi kwa sauti ya chini, bila kutikisika. "Wanakimbia. Wanaitana."

Bwana Shomari akaja mbio, akasimama, akashika kichwa. "Mwili mzima! Leta wavu. Leta na pipa."

"Wanataka kunisogeza mahali pa mbele," alisema Chewa.

Wavu ukashuka. Hakukimbia. Alijiingiza mwenyewe, pole pole, asije akaharibu mapambo. Ni pale kamba za wavu zilipombana, akaona juu pamekuwa karibu na chini pamekuwa mbali, ndipo alipoanza kupiga mkia.

"Kinyozi! Waambie! Waambie ni mapambo! Kinyozi we!"

Kinyozi alikuwa ndani ya ufa wake, kimya.

Chubwi! Chewa akawa ndani ya pipa, na pipa likaondoka.

Jamani, siku ile! Tasi walicheza mpaka wakagongana vichwa. Mama Kaa alicheka mpaka akaanguka chali, watoto wake wakamwinua. "Kwenye midomo!" alikuwa akisema. "Eti nitie na kwenye midomo! Shoga, wewe si wa kawaida!"

"Zimebaki siku tatu," Kinyozi akasema, akigusa mayai yake. Alikuwa na furaha iliyomtetemesha masharubu.

Mchana uleule Mwanakombo akapanda ngazi juu ya tangi akiwa ameshika chupa kubwa. Akaifungua, akaimimina pole pole. Chururuuu. Yaliyomo yalikuwa ya buluu nzuri sana. Yaliposhuka yalififia, yakachanganyika, yakapotea machoni.

Kinyozi aliyaonja. Yalikuwa na ladha ya msumari.

"Haya," Mzee Mkunga akasema mlangoni kwake. "Yamekuja tena."

"Nini kimekuja tena?"

"Mrututu. Jiwe la buluu, wanalisaga, wanaliyeyusha. Ndiyo dawa ya madoa meupe. Wakimwona mmoja mgonjwa wanamtoa, halafu wanatia dawa tangi zima. "

"Dawa si nzuri?"

"Kwa samaki, si mbaya. Tutaumwa kichwa. Lakini mwenye kombe au miguu mingi haivumilii." Akaelekeza pua yake nyuma ya jiwe la kati. "Makombe yale ulidhani yaliota? Yalikuwa na wenyewe, kabla ninyi hamjaja. Niliwaona wakifa wote, kwa siku mbili tu."

Kinyozi akahisi mguu wa nyuma umekufa ganzi. Si woga. Mguu wenyewe.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilianza. Nikauliza juu ya makombe. Ukaniuliza kama yananihusu."

Kinyozi akashuka mchangani mbio, na mbio zake zilikuwa zimeanza kupungua. Mama Kaa alikuwa ameinama juu ya mtoto wake mkubwa. Yule mtoto alikuwa ametoka kwenye kombe lake, amelala mchangani uchi, na mtoto wa kaa hafanyi hivyo akiwa na akili zake.

"Shoga, hebu njoo," Mama Kaa akasema. "Huyu hataki kuingia ndani. Namsukuma, hataki. Na hawa wawili wamelala, nawaamsha, hawaamki. Chakula cha Chewa kimewadhuru au nini?"

Kinyozi angeweza kudanganya. Alikuwa mwepesi wa hilo. Akasema, "Maji yametiwa sumu. Wametia kwa sababu ya madoa. Madoa ni mimi."

Mama Kaa akainua macho.

"Hukuniambia," akasema.

"Ungesema kwa watu."

"Ningesema. Ningemwambia yule mzee Mkunga, mimi kila kitu namwambia mpaka ananichoka. Naye angekwambia."

Juu, kivuli kilipita kiooni. Mwanakombo alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa. Kwa mara ya kwanza Kinyozi hakukimbilia ufa. Alikuwa akifikiri: watu hawajui kwamba nipo. Wangejua wangenitoa kwanza.

"Nitapanda kwenye kioo wanione," akasema. "Njoo na wewe."

"Mimi napanda kioo? Kwa miguu gani?" Mama Kaa akageuka, akamfuata yule mdogo wa mwisho, aliyekuwa bado anachezacheza na kipande cheupe. Akamchomoa kwenye kombe lake, nyaka! Mtoto akalia. "Kombe zito, hutaliweza. Mbebe hivihivi."

"Na wale?"

"Nimekwambia mbebe. Nenda."

Kinyozi akamshika mtoto kwa miguu ya mbele, akapanda. Mayai tumboni, mtoto wa mwenzake kifuani, miguu mitatu haifanyi kazi. Akateleza. Akapanda tena. Akafika mbele ya uso wa Mwanakombo, mahali penye mwanga kuliko pote, pale alipokuwa akipakimbia maisha yake yote. Akatikisa masharubu meupe, kulia, kushoto, kulia. Akagonga kioo. Ko. Ko. Ko.

Kitambaa kikasimama.

"Ala! Bwana Shomari! Humu kuna kamba! Ana mayai! Uliniambia humu hamna kitu isipokuwa samaki na vile vikaa!"

"Hayumo kwenye orodha," sauti ya Bwana Shomari ikajibu kwa mbali. "Mtoe haraka, atakufa."

"Na vikaa?"

"Vikaa viko vingi."

Kikombe kikashuka, kikamzoa Kinyozi na mzigo wake. Alipokuwa anapanda alitazama chini. Mama Kaa alikuwa amewakusanya watoto watatu karibu na tumbo lake, akivuta kombe kubwa tupu kuwafunika.

Nyuma ya jumba palikuwa na chumba cha wagonjwa. Wakamweka Kinyozi katika chupa ya kioo yenye maji safi, juu ya meza. Yule mtoto wa kaa, uchi, alikuwa akitafuta kombe huku na huko na hapakuwa na kitu. Mwanakombo akamwonea huruma. Akatoa kifuniko cha kalamu yake, akakitumbukiza. Mtoto akakinusa, akaingia kinyumenyume, akabaki amechungulia, kaa ndani ya kifuniko cha buluu.

Kando ya chupa, kioo kwa kioo, lilikuwa tangi la Chewa.

Alikuwa safi. Walikuwa wamemwogesha kwa maji ya bomba, na ule ute ukaachia. Bwana Shomari alikuwa ameokota vitu kutoka ndani ya karai la kumwogeshea, akavisugua kati ya vidole.

"Mwanakombo. Haya si madoa. Hivi ni vipande vya kombe."

"Vya kombe? Vimefikaje mwilini mwake?"

"Sijui."

"Na dawa tumeshatia."

"Tumeshatia." Akavimwaga kwenye taka. "Basi. Wa chini tutaleta wengine. Huyu kesho kutwa arudishwe kule."

Siku ya tatu, asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, mayai ya Kinyozi yakapasuka. Safari hii walikuwa mia moja na kidogo. Mayai mengine hayakupasuka. Wakapanda kuelekea kwenye taa, chembe kwa chembe, na Kinyozi, aliyekuwa amebakiwa na miguu saba, akawatazama.

Chewa naye akawaona. Akafungua mdomo kwa mazoea. Hwaap! Ko! Pua yake ikagonga kioo.

Akarudi nyuma, akatulia. Halafu akacheka, lakini si cheko la raha.

"Ulinipamba kweli, Kinyozi."

"Nilikupamba."

"Nikadhani wewe ni mdogo. Leo wanakuja kunirudisha. Niambie, nitawakuta akina nani kule?"

Kinyozi akawageukia wanawe.

"Nitamkuta Mkunga. Nitawakuta tasi. Yule mama wa chini mwenye kelele, nitamkuta?"

Mtoto wa kaa akachungulia kwenye kifuniko cha kalamu. "Mama yuko wapi?" akamwuliza Kinyozi. Alikuwa akiuliza hivyo tangu juzi.

"Mimi nina nguvu, nimetoka," Chewa akasema. "Wewe una akili, umetoka. Waliobaki ni wale ambao hawakuwa na kimoja wala kingine. Tofauti yangu na yako ni nini, ndugu yangu? Mimi nawameza kwa mdomo."

Kinyozi hakuwahi kukosa jibu maisha yake yote. Siku ile alilitafuta akalikosa. Wavu ukaja, chubwi, pipa likaondoka na Chewa wake.

Wanasema Chewa alirudi kwenye tangi kubwa, wadudu wakamjaa ngozini kwa sababu hapakuwa na wa kumsafisha, akajikuna kwenye mawe mpaka akachubuka. Wanasema lundo la makombe nyuma ya jiwe la kati liliongezeka. Kinyozi alilea wanawe ndani ya chupa, na yule mwenye kifuniko cha kalamu akamlea pamoja nao, na kila alipoulizwa mama yuko wapi alijibu ukweli, ingawa kila mara ulimchoma.

Hadithi yangu imeisha hapo, nendeni mkalale, na mshike hili moja: anayemficha kila mtu hila yake hukosa hata wa kumwonya kwamba itaua watu wake.